Mgongoni kwa Rozalia

Engaresero, Ziwa Natron
2 Desemba 1997

Dada yangu Mwanaima,

Shikamoo. Mimi mdogo wako ni mzima, ila midomo imepasuka na nguo zangu zimekakamaa mpaka zinaweza kwenda kazini bila mimi. Usicheke. Huku ukifua shati kwa maji ya ziwa, unaanika shati unaanua ubao.

Ziwa lenyewe nimeshaliona. Dada, tangu nizaliwe mimi najua ziwa ni kitu cha kunywa. Kule kwetu Baraka, ng'ambo Kongo, tulichota, hapo Ujiji mnachota, samaki wamo na watoto wanaoga humohumo. Hili ukilionja linaunguza ulimi. Halafu ni jekundu! Siyo kwa ajili ya jua kuzama, hapana, saa sita mchana ni jekundu kama vile wamechinjia humo ng'ombe wa wilaya nzima. Juu yake kuna gamba jeupe la magadi lililopasukapasuka. Siku ya kwanza nilikaa chini nikashindwa kusema, na wewe unajua mimi kushindwa kusema si kawaida yangu.

Bosi wangu anaitwa Bwana Dismasi, ni mtaalamu wa miamba. Yeye anagonga mawe na kuyatazama, mimi nayabeba. Anasema wekundu ule ni vijidudu visivyoonekana kwa macho. Na mlima uliopo hapa karibu, Wamasai wanauita Mlima wa Mungu, unatoa moto wake wa ajabu: uji mweusi unatiririka kama oili chafu ya gari, kesho yake ukipanda unaukuta umekuwa mweupe. Nimeugusa kwa mkono wangu. Tena anasema nchi hapa imepasuka, na ufa huo una mikono miwili. Mmoja unapita huku, wa pili unapita huko kwenu, na Ziwa Tanganyika lote limekaa ndani yake. Kwa hiyo wewe na mimi tumo ndani ya ufa mmoja, ila wewe umepata maji na mimi nimepata magadi.

Hakuna anayeniuliza nilizaliwa wapi. Nimesema mimi mtu wa Ujiji, wameamini. Mwaka umepita sasa tangu tuvuke tukimbie vita, na shemeji Nasoro tukamwacha amelala pale ufukweni bila hata sanda. Nikimkumbuka, najipoza kwamba ametuachia Faida. Binti ana meno? Anatambaa? Nijibu habari zake kwanza, zako baadaye.

Mdogo wako mwenye nguo za mbao,
Amuri


Rusimbi, Ujiji
27 Desemba 1997

Mdogo wangu Amuri,

Marahaba. Barua imechelewa, wanasema mvua imekata reli upande wa Dodoma. Nilimsomea shangazi, akasema umeanza kuvuta bangi. Nimekutetea, lakini kwa shida.

Sikukuandikia kwa sababu sikuweza kushika kalamu. Mwezi uliopita kipindupindu kilinilaza. Nilitoka hospitali nikiwa mifupa, na maziwa yamekauka kabisa. Faida anavuta, hakuna kitu, uji anautema. Mama mkwe wangu, Mama Anifa, akaja kutoka Mwandiga. Akamtazama mjukuu wake, akanitazama mimi, akasema, "Huyu namchukua kabla sijazika wawili."

Kwake yupo mwanamke wa Kirundi anaitwa Rozalia, mkimbizi, anamsaidia shamba naye anampa chakula na pa kulala. Mwezi huohuo alikuwa amefiwa na mtoto wake mchanga na kifua kimejaa. Ndiye anayemnyonyesha Faida. Nilipokwenda kumtazama nilikuta mashavu yamerudi, miguu imejaa mikunjo. Nilishukuru, na wivu niliuona, sitakuficha. Rozalia hana maneno mengi. Asubuhi anamfunga mtoto mgongoni, hamteremshi ila kwa kumnyonyesha. Nikipata nguvu nitamrudisha nyumbani.

Sasa nisikilize. Magari yanapita vijijini yanakusanya wakimbizi wote wanaokaa nje ya kambi. Wakongo wanapelekwa kambi yao, Warundi kambi yao. Mimi hapa Ujiji nimejichanganya, watu wenye asili ya Kongo wamejaa tele tangu enzi za mababu, na shangazi akiulizwa anasema nimezaliwa uani kwake. Nasoro alikuwa mtu wa hapa, lakini ndoa yetu ilifungwa Baraka na mashahidi wake sijui hata kama wako hai. Na wewe huna karatasi. Kwa hiyo usije, hata ukisikia nini. Kaa na ziwa lako la damu.

Dada yako,
Mwanaima


Mwandiga
9 Januari 1998

Mkamwana wangu Mwanaima,

Barua hii anakuletea Pastory anayeleta mihogo soko la Mwanga. Naandika mwenyewe kwa mwandiko wangu wa kisomo cha watu wazima, nisamehe ukiwa mbaya. Kaa chini kwanza. Faida amechukuliwa.

Jana asubuhi Rozalia alikuwa shambani anapalilia, mtoto mgongoni. Gari likasimama barabarani. Wale wanaokusanya wakimbizi wakamwuliza anatoka wapi, Rozalia akajibu kwa Kirundi chake, wakamwambia apande. Akapanda na mtoto. Hakuna aliyemwuliza mtoto ni wa nani. Na wewe ungeuliza? Mtoto amefungwa kwenye mgongo wa mtu, mdomoni ana maziwa ya mtu huyo, nani atauliza?

Mimi nilikuwa nyumbani namenya muhogo. Niliposikia kelele nilikimbia na kisu mkononi, mzee mzima, nikapiga kelele kwamba huyo ni mjukuu wangu, damu ya mwanangu Nasoro. Lakini kwa hofu nilisema kwa Kiha, na Kiha na Kirundi vinafanana. Mmoja wao akanishika mkono anipandishe na mimi! Majirani ndio waliosema, huyu bibi ni wa hapahapa. Nikafuata gari mpaka nikaanguka, goti limekuwa kama boga, ndiyo maana sijaja kwako.

Lakini gari sicho kitu kilichonishtua, Mwanaima. Rozalia alinitazama kutoka kule juu. Nafasi alikuwa nayo, angemfungua mtoto akanipa. Hakumfungua. Alikaza kanga.

Tangu jana naiona mikono yake inavyokaza ile kanga. Usije huku, bado wanapita. Goti likipoa nitakwenda mimi kambini, mimi ni Mtanzania, watanisikiliza. Amuri usimwambie, yule kijana atarudi mbio na atakamatwa kabla hajafika Tabora.

Mama mkwe wako,
Anifa


Engaresero
25 Januari 1998

Dada Mwanaima,

Shikamoo. Umekaa kimya, nadhani ni reli. Kipindupindu kimenitisha, nikamwambia Bwana Dismasi na yeye akanipa siku ya kupumzika, nikaitumia kulala. Nimefurahi kwamba binti amepata wa kumnyonyesha. Mwambie huyo Rozalia mjomba anasema asante.

Sasa tega sikio. Hapa kuna ndege wa waridi, flamingo, wengine wanawaita heroe. Wakiruka wote pamoja unadhani ufukwe mzima umenyanyuka. Wanajenga viota vya tope katikati ya ziwa, juu ya gamba la magadi, mahali ambapo fisi hawezi kufika maana maji yatamchubua miguu. Mimi na Bwana Dismasi tunawatazama kwa darubini kutoka mlimani. Mayai yameanguliwa. Vifaranga ni vya kijivu, havina uzuri wowote, na vikishaanza kutembea vinakusanywa kundi moja la maelfu kwa maelfu. Wakubwa wachache tu wanatangulia, na watoto wote wanafuata kwa miguu juu ya magadi yanayowaka, kwenda kutafuta chemchemi ya maji matamu kando ya ziwa. Mwendo wa siku kadhaa! Niliwatazama nikakumbuka watu wetu wakikimbia vita kwenye ile njia ya kwenda Fizi, wenye magodoro kichwani.

Jioni wazazi wanarudi kuwatafuta watoto wao. Niambie, wewe katika maelfu hayo ungemjua wako? Wao wanajua. Mama anaita, na mmoja tu ndiye anayeitikia. Wanasikiana kwa sauti. Halafu anamlisha maziwa yanayotoka kooni, mekundu kabisa, ukiona utaapa kwamba anamnywesha damu.

Ubaya wake ni magadi. Yanaganda kwenye miguu ya vifaranga, kila hatua yanaongezeka, mpaka yanakuwa bangili za mawe. Mwenye bangili anaburuta, anabaki nyuma. Kundi halisimami. Nyuma ya kundi wanatembea korongo wakubwa wenye vipara, taratibu kabisa, hawana haraka, wanajua chakula chao kitabaki chenyewe. Ufukweni ndege waliokufa hawaozi, wanakauka na magadi wakiwa na manyoya yao na macho yao. Niliokota popo nikamgonga kwenye jiwe, akalia kama kigae. Bwana Dismasi alicheka mpaka akakohoa.

Ukiweza mwandikie Mama Anifa salamu zangu, mwambie lile goti lake la uzee linalomsumbua siku zote alipake mafuta ya mawese. Simjui mzee asiye na goti.

Mwenye macho yasiyoshiba,
Amuri


Rusimbi
14 Februari 1998

Mdogo wangu Amuri,

Marahaba. Huku ni wazima wote. Faida hajambo, ana meno manne na anasimama kwa kushika kiti. Usiwe na wasiwasi.

Nimesoma habari za ndege wako mara nyingi. Nina maswali, mwulize huyo Bwana Dismasi. Kifaranga akiitwa asipoitikia, mama yake anafanyaje? Anaendelea kuita siku ngapi? Na kifaranga aliyekaa na wengine muda mrefu anaweza kuisahau sauti? Na je, kuna jike anayeweza kumlisha mtoto asiye wake, akamlea akakua? Niulizie hilo la mwisho hasa.

Kesho nakwenda upande wa Kasulu na Mama Anifa, nitauza dagaa kidogo. Ufukweni Kibirizi siku hizi dagaa ni wengi, bei imelala. Nitakuandikia nikirudi.

Dada yako,
Mwanaima


Engaresero
3 Machi 1998

Dada,

Shikamoo. Meno manne! Na anasimama! Nilimwonyesha Bwana Dismasi barua, akasema mtoto huyo atakuwa mkimbiaji.

Nimemwuliza maswali yako, akashangaa. Akaniambia dada yako angekuwa mwalimu. Majibu yake ni haya. Mama anaita na kutafuta, asipoitikiwa anachoka, mwisho anaruka zake. Mtoto asiposikika basi. Na la mwisho: hapana, kila mmoja anamlisha wake tu. Wa mwenzake akisogea anamdonoa kichwani. Alisema pengine mahali pengine wameona tofauti, lakini yeye hapa hajaona.

Mvua imekatika na jua limerudi kwa hasira, bangili za magadi zimezidi. Juzi kundi lilipita karibu na kambi yetu, tukaingia na nyundo ndogo za kugongea mawe. Unamshika kifaranga, unagonga bangili kidogo kidogo usimvunje mguu, inapasuka, unamwachia anakimbia kuwafuata wenzake. Tulifanya hivyo mpaka mikono ikafa ganzi. Wengi hatukuwafikia. Na mimi gamba lilinikatikia nikazama mpaka magotini, maji yakanitoa ngozi ya miguu, sasa natembea kama Mama Anifa. Ni kitu kidogo, kinapona.

Lakini hebu niambie, wewe tangu lini unajali ndege? Kuku wenyewe wa shangazi ulikuwa unawarushia viatu.

Mdogo wako,
Amuri


Mwandiga
22 Machi 1998

Amuri,

Mimi ni mama yake marehemu Nasoro. Nilimkataza dada yako asikwambie, leo nakwambia mwenyewe, maana sijui tena nimwambie nani.

Faida hayupo tangu mwezi wa kwanza. Rozalia alikamatwa shambani kwangu akiwa amembeba mgongoni, wakapelekwa wote kambi ya Warundi kule Kasulu. Hayo meno manne aliyoniambia amekuandikia, dada yako hajayaona.

Mwezi wa pili tulikwenda. Yeye alikaa sokoni nje ya kambi na sinia la dagaa, kwa kuwa akiingia akasema mimi ni mama, wataona ni Mkongo, atapakiwa kwenda kambi ya Wakongo na mtoto atabaki. Nikaingia mimi. Nikaeleza. Bwana wa ofisini alikuwa mtu mpole, akaagiza Rozalia aletwe. Akaja na mtoto mgongoni, mnene, mzima, nywele zimesukwa. Mimi nililia kwa kumwona tu. Yule bwana akauliza, mtoto wa nani huyu? Rozalia hakunitazama. Akasema, "Ni uwanje." Yaani ni wangu.

Nilidhani sikusikia vizuri. Mwanamke niliyemwosha mimi mwenyewe alipofiwa! Nikamshika Faida nimtoe, akapiga kelele akamkumbatia Rozalia shingoni. Wakatazama kadi ya chakula, imeandikwa Rozalia na mtoto wake wa kike. Jina la mtoto, Agnesi. Amuri, Agnesi ni kile kichanga chake. Nilikizika mimi nyuma ya migomba yangu. Amempa Faida jina la maiti.

Yule bwana akaniambia, "Bibi, humu kugombea watoto ni kila wiki. Mama yake wewe unayemsema yuko wapi?" Mama yake yuko hapo nje, anauza dagaa, nami nikanyamaza kama bubu nikatoka. Mimi ni Mwislamu, najua mtoto akinyonya kwa mtu, huyo ni mama yake wa kunyonya, hilo silikatai hata leo. Lakini mama wa kunyonya hafuti jina la mtoto!

Wiki iliyopita ikaja barua yako. Mwanaima alikuwa hapa kwangu, akaisoma akiwa amesimama mlangoni. Nikamwuliza Amuri anasemaje? Akasema, "Anasema kila mmoja anamlisha wake tu." Akaikunja. Asubuhi sikumkuta. Ameacha sinia, ameacha viatu, ameondoka na kanga moja. Ulimwandikia nini mwanamke yule?

Anifa


Mto wa Mbu
6 Aprili 1998

Dada Mwanaima,

Naituma kwa Mama Anifa, yeye atajua pa kukufikishia. Nimeshachana karatasi mbili.

Uliyatoa wapi meno manne? Uliyaweka kwenye barua, nami nikayatangaza kambi nzima! Wewe unaniuliza mama anaita siku ngapi, mimi nakujibu anachoka anaruka zake, nakuchekesha na popo. Nilikueleza na wale korongo wenye vipara. Mungu wangu, dada. Nimerudia barua zako zote na sasa nazisoma upya kila neno, nasikia aibu mpaka masikio yanawaka.

Habari za ndege ni za ndege. Usizichukue. Bwana Dismasi mwenyewe alipojua alisema laiti angejua alikuwa anamjibu nani.

Nimeondoka ziwani. Nipo hapa Mto wa Mbu natafuta gari la kushuka, miguu bado haijashika ngozi lakini inatembea. Nakuja. Karatasi sina, na sijali. Wakinikamata wakinipeleka kambi yoyote, nitakuwa karibu na wewe kuliko hapa. Nijibu kwa sanduku la Bwana Dismasi kama barua itatangulia, au nitakukuta.

Amuri


Kambini
25 Aprili 1998

Mdogo wangu Amuri,

Barua yako nimepewa na Mama Anifa hapa sokoni, akijifanya ananiuzia mihogo. Hii naituma kwa sanduku la Bwana Dismasi, natumaini mvua imekuzuia na itakukuta bado unangoja gari. Rudi ziwani. Nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Nilikuja kuiba. Hilo ndilo nililoondoka nalo Mwandiga. Niliingia na wanawake waliobeba kuni, na mimi nina mzigo kichwani, Kiha alichonifundisha Mama Anifa kikanipitisha. Niliuliza nyumba ya Rozalia nikaonyeshwa. Faida alikuwa mlangoni anachezea kifuniko cha sufuria. Nilimwita kwa jina. Hakugeuka. Nikamwita tena, nikapiga magoti mbele yake, akanitazama usoni, Amuri, mtoto niliyemzaa, akaanza kulia kwa woga akakimbilia ndani. Anatembea. Sikujua kama anatembea.

Rozalia akatoka. Hakushangaa. Akasema, "Nilijua utakuja." Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia siku ile kwenye gari watoto wasio na mama walikuwa wanawekwa kando, wanapelekwa wanakojua wao, ndiyo maana akakaza kanga, na Agnesi lilikuwa jina la kwanza lililomjia mdomoni alipoulizwa. Hayo nikayaamini. Nikamwuliza, na siku ya Mama Anifa? Hapo hapakuwa na gari. Akasema, "Siku ile nilikuwa nimeshamzoea."

Nilimpiga kofi. Nilimpiga la pili. Hakurudisha, alisimama tu mikono chini. Aliyerudisha ni Faida. Alikuja kutoka ndani analia, akaanza kunipiga magotini kwa vile vikono vyake, akimtetea mama yake.

Hapo nikakaa chini kwenye vumbi. Sijawahi kupigwa pigo kama lile, hata kule Baraka. Majirani wakaanza kukusanyika. Ningesema neno moja tu ofisini ingeanza kesi: mimi kambi ya Wakongo, Rozalia mwizi wa mtoto, na Faida akae na watoto wasio na wenyewe mpaka wakubwa wajue ukweli. Nikimtoa kwa nguvu getini anapiga kelele, nani ataniamini mimi ndiye mama? Mwenyekiti wa kijiji cha kambi akafika akauliza, huyu ni nani? Rozalia akanitazama, nami nikamtazama. Nikaona anangoja niseme. Nilinyamaza. Akasema, "Ni mdogo wangu, alikuwa amepotea. Amenikasirikia kwa kumwacha njiani."

Wakanipokea. Watu walitupigia makofi, Amuri. Wakaniandika. Sasa nalala kitanda kimoja na mtu niliyekuja kumwibia, mtoto katikati. Siku za kwanza alimgeukia yeye usiku kucha, nikahesabu mgongo wake kuwa ni bahati yangu, maana mgongo nauona. Wewe uliandika kila mmoja anamlisha wake. Sikukasirika, barua hiyo ndiyo iliyonitoa mlangoni kwa Mama Anifa, lakini hapa tunamlisha wawili. Rozalia ananyonyesha, mimi nampikia uji wa mahindi na karanga, na tangu juzi anaupokea mkononi mwangu. Meno anayo sita. Haya nimeyahesabu kwa kidole.

Simchukii, na simpendi. Kuna siku natamani afe, na kuna siku ananipa nusu ya sabuni yake bila kuombwa. Kuna maneno kwamba Warundi watarudishwa kwao. Wakirudishwa, nami nitarudi, nchi nisiyoijua hata njia yake, kwa sababu mtoto atakwenda. Nikifikiri habari hiyo naogopa. Ndiyo maana nataka ubaki ulipo, na karatasi uitafute kwa kila njia, awepo mmoja wetu mwenye mahali pa kusimama.

Mama Anifa anakuja kila soko. Anamtazama mjukuu wake akiwa mgongoni kwangu, ananiuliza bei ya kitu chochote, analia, anaondoka. Juzi mtoto alinivuta kanga nimbebe, akaniita mama mdogo. Ndivyo alivyofundishwa. Niliitika.

Ukiandika tena, jina la Mwanaima usilitie juu ya bahasha. Humu hakuna mtu wa jina hilo, na wala hakuna mtoto anayeitwa Faida.

Ni mimi,
Mariya, mdogo wake Rozalia,
mama mdogo wa Agnesi